Beberu Chini ya Bati

Nyie mnaomaliza chuo mwaka huu na kusubiri kupangiwa vituo, nataka kuwaeleza habari ya korodani. Msicheke. Au chekeni kwanza mmalize, halafu mrudi hapa tuendelee, maana mimi nimekula mshahara miaka thelathini na kitu kwa kushika korodani za mbuzi. Nimejenga nyumba hapa Zuzu, nimesomesha watoto wanne, na sioni aibu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiona aibu zamani, wenzake wa kwaya walipomuuliza mzee hasa hasa anafanya kazi gani. Siku hizi naye anacheka.

Mfugaji atakuja kwako aseme mbuzi wake hawashiki mimba. Atalaumu majike. Atasema wamezeeka, wamerogwa, wamekula jani baya. Hutamsikia akimlaumu beberu, kwa sababu beberu ana ndevu, ana harufu, anakoroma, anapanda chochote kilichosimama. Sisi wanadamu tukiona ndevu na kelele tunaamini kazi inafanyika. Basi kabla hujashika jike hata mmoja, mshike beberu. Kupanda ni kitu kimoja na kuzalisha ni kitu kingine, na mimi sikulijua hilo mpaka nilipokaribia kumharibia mjane mmoja maisha yake.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa ng'ambo ya bwawa la Hombolo. Nilifika na cheti kipya, baiskeli ya kazi, na buti za mpira ambazo nilizivaa hata kiangazi, vumbi likiniingia mpaka kwenye soksi, ilimradi watu wajue bwana mifugo amefika. Wazee wakinisalimia kwa heshima nami najiona nimefika kweli. Ujana ni ugonjwa unaopona wenyewe, lakini unachelewa.

Hapo kijijini alikuwepo Mama Mwaja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, asiyependa maneno mengi, na alikuwa na tabia ya kukutazama tu mpaka umalize kusema, hata kama ulikuwa umeshamaliza. Mumewe alikuwa amefariki wakati wa mvua za mwaka ule, akamwachia watoto watatu, mbuzi majike kumi na wanane na beberu mmoja. Ukoo ukakaa. Kaka wa marehemu, Mzee Chilewa, ndiye aliyetoa uamuzi: mbuzi wabaki kwa mjane mwaka mmoja. Wakiongezeka mikononi mwake, ni wake na watoto. Wasipoongezeka watahamia zizini kwake yeye, maana mali ya marehemu haiwezi kuachwa iishe huku watu wanatazama.

Mzee Chilewa hakuwa mtu mbaya, nasema mapema msije mkamchukia. Alikuwa na mali nyingi na wasiwasi mwingi, na alimpenda sana mdogo wake aliyekufa.

Yule beberu aliitwa Sogea. Alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, na alipenda kulala mlangoni kabisa mwa nyumba ya tembe ya Mama Mwaja, pale penye kivuli, hivyo kila aliyeingia au kutoka ilimbidi aseme "sogea!" Jina likabaki. Tembe mnalijua, au angalau mmeliona kwa bibi zenu: kuta nene za udongo, paa bapa la miti lililokandikwa udongo juu, ua katikati wanapolala mifugo. Nje jua linachoma, ndani ni kama umeingia kwenye mtungi. Mimi mwenyewe nilizaliwa kwenye tembe. Nimelala humo utoto wangu wote, mgongo kwenye ukuta wa baridi, mbuzi wakicheua upande wa pili. Ndiyo maana kosa langu linaniuma zaidi. Angelifanya mtu wa pwani ningemsamehe.

Ofisi ilikuwa inatafuta mfugaji wa mfano. Nikamchagua Mama Mwaja, kwa nia njema kabisa, nikijua mbuzi wake wakizaa vizuri hakuna wa kumgusa. Nilipewa mabati, misumari na mchoro wa banda bora, nikaambiwa wageni watakuja kupiga picha baada ya wiki mbili. Mchoro ulisema nguzo zizidi urefu wa mtu mrefu, na sehemu ya juu ya ukuta iachwe wazi ili hewa ipite. Nguzo nilizopata hazikutosha. Nikazikata, kila moja nikaifanya mbili. Halafu nikakumbuka fisi, nikaziba kuta kwa mbao mpaka juu kabisa. Banda lilipokamilika lilimetameta, lilionekana toka barabarani, ila mtu mzima akitaka kuingia ilimbidi ainame kama anaokota kitu.

Mama Mwaja alilizunguka mara moja, akaweka kiganja juu ya bati.

"Bwana mifugo, humu si atasikia joto?"

"Mama, huu ni ufugaji wa kisasa."

Hakuuliza tena. Neno hilo la kisasa lina nguvu mbaya. Ukilitamka, aliyeuliza swali anaona aibu kuwa ameuliza. Nawaomba mlitumie kwa uangalifu.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Sogea akaanza maisha mapya. Asubuhi pumba za mahindi, jioni mashudu ya alizeti, maji kwenye ndoo, hatoki. Jike akitaka dume, yaani akianza kulia ovyo na kutikisa mkia, anapelekwa kwake. Baada ya mwezi mmoja manyoya yake yalikuwa yanang'aa kama viatu vya mchungaji. Shingo ilijaa, mgongo ukawa bapa. Watu walikuja kumtazama. Mimi nilisimama pembeni mikono nyuma.

Ikaja Septemba, ikaja Oktoba, ikaja Novemba. Mnaijua Dodoma ya Novemba, mvua haijaja, upepo unavuma kama umetoka jikoni. Saa sita mchana yale mabati yalikuwa yanalia yenyewe kwa joto, ka! ka! Majike walipelekwa kwa Sogea, na Sogea aliwapanda, tena kwa bidii. Baada ya wiki tatu jike yule yule anaanza kulia tena na kutikisa mkia. Anapelekwa. Wiki tatu nyingine, analia tena.

Nikamwambia Mama Mwaja majike wamepungukiwa madini. Nikaleta jiwe la chumvi. Kisha nikasema beberu aongezewe mashudu ili apate nguvu. Mnaona ujinga wangu ulivyokuwa na mpangilio? Kila nilichofanya kilikuwa kimeandikwa mahali fulani kwenye daftari langu la chuo, na hakuna hata kimoja kilichonitaka niingie mle bandani mchana nikae.

Mvua zikanyesha. Majani yakafika magotini. Kwa majirani vitoto vya mbuzi vilikuwa vinarukaruka juu ya mapaa ya tembe, kwake uani kimya, majike wamenona lakini matumbo hayana kitu. Februari maneno yakaanza. Mwanzo yalisemwa kisimani, baadaye yakasemwa mbele yake. Mzee Chilewa akatamka neno lililokuwa linazunguka midomoni mwa watu: mkosi. Mjane ana mkosi, hata beberu wa marehemu amemkataa. Ukoo ukapanga kukutana mtama utakapoanza kuinamisha vichwa, mwaka wenyewe ukiwa umetimia.

Siku hiyo nilimkuta Mama Mwaja anachambua mboga. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamesema watakuja."

"Nimesikia."

"Mwanangu wa kwanza yuko darasa la sita," alisema, akaendelea na mboga zake.

Sikuweza kukaa. Kesho yake nilipanda basi kwenda Mpwapwa, kwenye chuo nilichosomea, kumtafuta Mzee Swalehe.

Huyu Mzee Swalehe, Mungu amrehemu, alikuwa Mrangi wa Kondoa, mhudumu wa maabara aliyetufundisha vitendo tulipokuwa wanafunzi. Hakuwa daktari, hakuwa mwalimu, cheo chake kilikuwa kuosha chupa. Lakini madaktari wakishindwa kuelewana walimwita yeye. Alitembea na futi ya fundi cherehani mfukoni, kwa ajili ya kupima mzunguko wa korodani za madume, na alitukataza kuicheka. Beberu mwenye korodani kubwa, ngumu kidogo, zinazolingana, ndiye mwenye mbegu nyingi. Zikisinyaa kwa njaa ya kiangazi, futi inakwambia kabla ya mwenye mali. Aliwahi kuniambia mbele ya darasa zima: "Kijana, kichwa chako kimesoma, ila mkono wako bado uko darasa la kwanza." Nilimnunia muhula mzima. Leo ningelipa nauli ya kwenda popote nikamsikie akiniambia hivyo tena.

Nilimweleza yote. Aliazima hadubini, akaifunga kwenye blanketi, akaipakata ndani ya basi kama mama aliyetoka kujifungua, na kila kwenye bonde la barabara alisema "bismillahi."

Tulifika kwa Mama Mwaja karibu saa saba mchana. Mzee Swalehe hakufungua hadubini. Aliinama, akaingia bandani, akakaa chini kwenye samadi kando ya Sogea. Akaniita. Nikaingia, tukakaa. Jasho lilinitoka mgongoni, kisha machoni. Nikataka kutoka, akanishika suruali.

"Kaa. Umechoka nini, si banda lako?"

Tulikaa mpaka nikaona kizunguzungu.

"Wewe umekaa dakika kumi," alisema. "Mwenzako amekaa tangu lini?"

Nikajibu tangu Agosti. Akachukua mkono wangu akaupeleka nyuma ya Sogea. "Shika. Zikoje?"

"Za moto. Halafu laini."

"Mungu amezining'iniza nje kwa sababu gani? Angetaka zikae kwenye joto angeziweka tumboni karibu na ini. Wewe umemsaidia Mungu kuzirudisha." Akanisogeza vidole juu kidogo, pale mfuko wa korodani unapoanzia. "Na hiki kinene hapa ni nini? Mafuta. Umemlisha akala akalala, akala akalala, mafuta yakashuka mpaka huku. Joto halikutosha, umezifunga na blanketi."

Jua lilipopungua makali alitoa mpira wake maalumu aliojaza maji ya vuguvugu, na kwa msaada wa jike mmoja aliyekuwa anataka dume, akakinga manii ya Sogea kwenye kichupa. Hapo nitaparuka, mmefundishwa. Nitasema tu kwamba watoto waliambiwa waende kuokota kuni na hawakwenda mbali. Mzee Swalehe aliweka tone kwenye kioo, akatazama, akanipisha nitazame. Kisha akamwita Mama Mwaja.

Mama Mwaja alifuta jicho lake kwa pindo la kitenge, akainama. Alikaa hapo muda mrefu.

"Ndio hawa?"

"Ndio hawa, mama. Hizo ndizo mbegu."

"Mbona wamelala?"

"Hawajalala," alisema Mzee Swalehe. "Wamepikwa."

Mama Mwaja aliinuka akanitazama ile tazama yake ya kusubiri mtu amalize.

Dawa, wanangu, haikuwa ya dukani. Sogea arudishwe kwenye tembe siku hiyo hiyo. Mashudu yapungue yabaki ukufi mmoja, yaani ya kujaa kiganja tu. Asubuhi na jioni atoke akatembee, ale majani mabichi, achume maganda ya mgunga mwenyewe, mchana alale kwenye ubaridi wa udongo. Halafu subira. Mbegu za dume huchukua kama miezi miwili kutengenezwa mpaka kutoka. Andikeni hilo hata kwenye ukuta: manii unayoyaona leo yalianza safari miezi miwili nyuma, kwa chakula cha wakati ule na joto la wakati ule. Ukitaka beberu wa Juni, mtunze kuanzia Aprili. Watu wanamlisha beberu wiki moja kabla ya kumpandisha, wakidhani ni kama kumnywesha chai mgeni aliyechoka.

Miezi miwili. Na mkutano wa ukoo ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Nilimsindikiza Mzee Swalehe kituoni. Basi lilipokuwa linakaribia akaniuliza, "Utawaambia?"

"Mzee, ofisi yangu imelipiga picha lile banda. Limetundikwa ukutani."

"Sijakuuliza habari ya ofisi."

Akapanda na blanketi lake.

Wiki hizo tatu sikula vizuri. Nilijiambia kwamba bwana mifugo si mwanaukoo, hapaswi kusema kwenye kikao cha watu. Nilijiambia nikisema nimekosea, hakuna mfugaji atakayenisikiliza tena, na nani atachanja kuku zao? Mtu akitafuta sababu ya kunyamaza hakosi.

Siku ikafika. Wazee walikaa uani kwa Mama Mwaja, kwenye vigoda, fimbo katikati ya magoti. Nilialikwa kama mgeni, nikapewa kiti chenye mgongo, jambo ambalo lilinizidishia aibu. Tukasalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi, mbukwa, habari za mashamba. Mzee Chilewa akasema kwa upole kwamba mwaka umepita, kila mtu ameona, na hakuna anayefurahia. Mbuzi wahamie kwake. Watoto watakuja kunywa maziwa huko, hawatafukuzwa. Kisha akamgeukia Mama Mwaja.

"Shemeji, una la kusema?"

Nilijua atasema. Alikuwa na kila haki. Angenyoosha kidole tu kwenye lile banda, kisha kwangu, na yote yangekwisha.

"Mbuzi mmewaona," alisema. "Mimi sina la kuongeza."

Hakunitaja. Hata hakunitazama. Mwanamke yule alikuwa anapoteza kila kitu alichoachiwa, na bado aliniachia mimi nafasi ya kuwa mtu. Nikainuka.

"Wazee wangu, huo mkosi ni wangu."

Wakageuka wote. Nikaeleza. Nikasema mchoro ulitaka nguzo ndefu mimi nikazikata kwa kuwahi wapiga picha. Nikasema huyu mama aliniuliza kuhusu joto nikamjibu maneno makubwa. Nikasema nimezaliwa kwenye tembe kama wao na nililidharau. Nikamaliza nikiwa nimekishika kile kiti.

Mzee mmoja akacheka chinichini. Mzee Chilewa hakucheka. Aliinuka, akaenda kwenye lile banda tupu, akainama, akaingia. Ilikuwa saa sita na jua. Tukasubiri. Alikaa humo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alipotoka alikuwa anajifuta uso kwa shuka lake.

"Umemweka beberu wa mdogo wangu humu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na una cheti?"

"Ninacho."

Hapo sasa ua mzima ukacheka, na mimi nikacheka huku natamani ardhi inimeze. Mzee Chilewa akasubiri kelele ziishe. Akasema mbuzi wabaki. Lakini mvua ya kwanza ya msimu ujao ikinyesha na ua huu bado hauna kitoto, yeye atakuja na kamba, na hatakuja kukaa kikao.

Ofisi ilipopata habari niliandikiwa barua ya onyo, na picha ikatolewa ukutani. Barua hiyo ninayo hadi leo, nimeihifadhi pamoja na vyeti vyangu, maana ni sehemu ya elimu.

Sogea alikonda kidogo, akapendeza. Akarudia kulala mlangoni, watu wakarudia kumwambia asogee. Mwezi wa sita, ile baridi yetu ya upepo mkavu ilipoingia, Mzee Swalehe alikuja tena na blanketi lake. Mama Mwaja ndiye aliyetangulia kutazama safari hii. Alitazama, akacheka, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka.

"Wameamka! Wanakimbizana!"

Tulichagua wakati huo makusudi. Beberu bado ana nguvu za majani ya mvua, jua halijawa kali, na jike akishika mimba mwezi wa sita au wa saba anazaa baada ya miezi mitano, majani mapya yakianza kuota, naye anapata maziwa. Ukingoja Oktoba, beberu wa kwetu anakuwa mbavu tupu, amebakiwa na ndevu.

Majike wakapandwa. Sasa ikabaki kuhesabu siku. Jike asiposhika mimba anarudia kulia baada ya siku ishirini na moja hivi. Siku ya ishirini nilikwenda na baiskeli asubuhi. Kimya. Ya ishirini na moja nikaenda, nikakaa uani mpaka mchana, masikio yote kwa mbuzi. Mmoja akalia, nikainuka mbio, kumbe pembe zilikuwa zimenasa kwenye uzio. Ya ishirini na mbili Mama Mwaja alinipokea njiani kabla sijashuka kwenye baiskeli.

"Bwana mifugo, kimya."

"Wote?"

"Waliopandwa wiki ile, wote. Kimya kabisa."

Nimesikiliza kwaya nzuri nyingi maishani mwangu, na hakuna iliyonifurahisha kama ukimya wa mbuzi wale.

Pacha wa kwanza walizaliwa siku chache kabla ya mvua. Mvua yenyewe iliponyesha, asubuhi yake Mzee Chilewa alikuja kama alivyoahidi, na kamba begani. Uani palikuwa na vitoto kumi na kimoja, viwili bado vina ute. Alisimama mlangoni, akamwambia Sogea asogee, akaingia. Akainua kitoto kimoja, akakitazama chini ya mkia, akakirudisha kwa mama yake polepole. Kamba akaitundika kwenye mti uliochomoza ukutani.

"Itakusaidia, shemeji," alisema. "Hawa wakikua watahitaji kufungwa."

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, alirudi akiwafukuza majike wake sita. Mabeberu wake wawili walikuwa wamemaliza kiangazi kwa kutafuna mabua, na nilipowapima kwa futi niliona hawakuwa na kitu. Alisimama nje ya mlango wa yule aliyemwita mwenye mkosi, akaita hodi kama mtu mwingine yeyote, na Mama Mwaja akamkaribisha, akamwekea kigoda, akamletea uji, hakumkumbusha neno hata moja.

Mimi wa kushukuru ninao wengi. Namshukuru Mzee Swalehe, aliyeutoa mkono wangu darasa la kwanza. Namshukuru Mzee Chilewa, aliyeingia kwenye lile joto mwenyewe kabla ya kuhukumu, jambo ambalo mimi msomi sikulifanya. Namshukuru Sogea, aliyeonewa akanyamaza. Na Mama Mwaja namshukuru kwa sentensi moja ambayo hakuisema. Kila nilichokifanya kazini baada ya siku ile, nilikifanya juu ya ile nafasi aliyoniachia. Nyie mna simu zinazoonyesha joto la kila kijiji na vipimo ambavyo sisi hatukuviota. Vitumieni. Lakini mkijenga banda, mkae humo kwanza nyinyi, saa saba mchana, mwezi wa Novemba.

Mwaka jana nilikwenda kumwamkia. Amezeeka, fimbo mkononi, ila macho ni yale yale. Watoto wake wamejenga nyumba kubwa ya matofali pale pale, bati jekundu, vioo madirishani. Yale mabati yangu ya zamani ameyafanya mifereji ya kukingia maji ya mvua. Na nyuma ya nyumba, nikaona, tembe la zamani bado lipo, udongo wa paa umekandikwa upya mwaka huo huo. Mlangoni alilala beberu mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni.

"Mama," nikamwambia, "wewe unalala kwenye bati, beberu analala kwenye udongo?"

"Mimi nimeshamaliza kuzaa, bwana mifugo," alisema. "Acha niungue."